Mgeni Hapewi Kiporo

Meza ya jikoni imejaa mipira ya hewa:
mweusi mrefu, mweusi mfupi, wa njano uliopauka,
spana mbili, mafuta ya silikoni, na kahawa
iliyopoa tangu taarifa ya habari.
Nje, theluji chepechepe inaiangukia Ålesund,
haijaamua bado kama ni mvua.

Jumamosi nazama. Na nani, sijui.
Torgunn wa klabu hugawa watu kama karata:
wewe na huyu, huyu na yule,
haya, majini.

Wa njano ndio tuliofundishwa.
Ubane kifuani, chini ya kidevu, juu ya mbavu,
rangi ya kelele,
aliyepofushwa na hofu ataiona.
Ndivyo tulivyoambiwa bwawani, kwenye maji ya vuguvugu.

Lakini Februari ile,
mita kumi na nane chini, maji nyuzi nne,
Sjur, mtu niliyemjua kwa dakika arobaini,
alinijia na macho makubwa kuliko barakoa yake,
akajikata koo kwa kiganja, mara moja tu,
wala hakutazama njano.
Alitazama mapovu.
Alifuata palipokuwa na uhai
akaung'oa kinywani mwangu.

Simlaumu.
Nilipapasa wa njano. Ulikuwa umechomoka klipuni zamani,
unaburutwa nyuma yangu kama mkia,
mdomoni mwake mchanga na kipande cha mwani.
Nikavuta nusu hewa, nusu chumvi,
nikakohoa ndani ya bahari.

Na ukweli ndio huu, nausema nikiwa peke yangu na spana:
kile cha njano nilikinunua kwa bei ya chini
kwa sababu si mimi ningekipumulia.
Miaka mitatu sikukipeleka kwa fundi.
Nilimwekea mgeni kiporo
na siku ya karamu nikakila mwenyewe.

Sasa nachagua upya.
Mpira wa mita mbili ni wa watu wa mapangoni,
wanaotoka mmoja nyuma ya mwenzake kama siafu.
Napima kwa futi ya cherehani: mita moja na nusu.
Unapita chini ya kwapa, unavuka kifua,
unazunguka shingo, unafika kinywani.
Huo ndio nitakaotoa.
Nimekwisha kuuonja, najua hauna maji.
Changu kitaning'inia kooni kwa kamba ya mpira,
kama kidani cha mtu asiye na mahali pa kwenda;
nikiinamisha kidevu, nimekipata.

Na kama mgeni amefundishwa njano?
Hapo nilikaa sana, kahawa ikaota ngozi.
Kisha nikafungua kifuniko cha njano
nikakifunga kwenye kile cha kinywani.
Atafute rangi, atafute mapovu,
njia zote zimwishie mlango mmoja.

Kimebaki kichwa cha mtungini.
Wawili wakivuta kwa pupa kwenye baridi hii,
chuma huota barafu, hewa ikamwagika yote.
Kilichozibwa vizuri kimekula
mshahara wa zamu saba za usiku
katika nyumba ya wazee, ambako pia
hushika mikono ya watu nisiowajua
hadi pumzi itulie.

Jumamosi, gatini, karata iliniangukia Synneva,
msichana wa Molde, glavu nyekundu,
mipira yake imepita kushoto, yangu kulia.
"Hiki ni chako," nilimwambia, kabla ya salamu.
Hakucheka. Alikivuta hadi mwisho wa urefu wake,
akapumua mara mbili, tatu, akiitazama geji yangu,
akanirudishia kikinukia pipi ya minti.
Akanionyesha chake: kiko wapi, kinachomokaje.
Nikapumua nami.

Ndipo akaniuliza jina.